Dripu Inayotoa Maji

Swali huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi anayeuliza ni mama. Kiarabu anakijua, lakini hofu ikimbana mtu humrudisha kwenye lugha aliyolelewa nayo. "Mwanangu, mmesema kichwa chake kimejaa maji. Sasa mbona mnamtia maji mengine?" Nesi anayeulizwa huenda naye bibi yake alizaliwa Unguja au Bujumbura, kwa hiyo anaelewa kila neno, ila ana dakika chache tu za kujibu. Kitandani amelala kijana aliyeteleza kwenye mawe ya Muqal, Wadi Bani Khalid, Omani, akaangukia kisogo. Juu yake unaning'inia mfuko wa nusu lita wenye maji maangavu, yasiyo na tofauti na dripu yoyote uliyopata kuiona.

Kijana huyo si mtu mmoja ninayemjua. Ni yeyote kati ya wanaoruka majini Ijumaa mchana bila kujua kina, au mkwezi aliyeanguka na kamba yake kutoka kwenye mtende, au dereva aliyekosea kona ya mlimani. Mama yake naye ni mama yeyote wa Sharqiyah au wa Unguja. Nataka kumjibu kwa urefu ambao wodini haupatikani, kwa sababu swali lake limegusa kitu ambacho wengi wetu tumekielewa kinyume, na kutoelewa huko kunaua.

Wadi Bani Khalid imo katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, ndani ya milima ya Hajar ya mashariki, zaidi ya kilomita 200 kutoka Maskati. Unafuata barabara kuu iendayo Suri, unapita Ibra na michanga ya Bidiyah, kisha unaiacha na kupanda milima mikavu isiyo na jani, mpaka bonde linapofunguka na mitende yake, mifalaji yake, yaani mifereji ya maji, na mabwawa ya kijani yasiyokauka mwaka mzima. Siku za Idi hakuna pa kuegesha gari. Miamba iliyosuguliwa na maji kwa maelfu ya miaka ni myeupe, laini, na inateleza. Uzuri wote wa mahali pale na hatari yake vinatokana na maji hayohayo.

Watu wa nchi hii wana ndugu ng'ambo. Kutoka Ibra, Mudhayrib, Bidiyah na Suri walitoka waliokwenda Unguja, Pemba, Mombasa, Tabora, Ujiji, mpaka Burundi na Kongo. Na wengi wa vizazi vyao walirudi baada ya Mapinduzi ya Unguja ya 1964, na zaidi baada ya Omani kufunguka 1970, wakiwa na Kiswahili mdomoni. Walirudi pia na imani yetu ya Afrika Mashariki juu ya dripu. Kwetu dripu ni nguvu. Mgonjwa akirudishwa nyumbani bila kutundikiwa, ndugu huona hakutibiwa. Mtu aliyechoka, aliyepoteza hamu ya kula, aliye na homa ya siku tatu, wote huomba "maji ya nguvu". Lakini nusu lita ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 tu za sukari, yaani takriban vijiko sita vya chai. Nusu lita ya dripu ya chumvi ya kawaida ina gramu nne na nusu za chumvi, na kilichobaki ni maji. Humwokoa aliyekaukiwa kwa kuharisha na kutapika, asiyeweza kunywa. Aliyechoka haimpi nguvu yoyote.

Mfuko unaoning'inia juu ya kijana wetu una kazi nyingine kabisa. Ndani yake mna manitoli, na kazi yake ni kutoa maji mwilini.

Ili kuelewa kwa nini daktari anataka kutoa maji, tazama kwanza fuvu. Fuvu la mtu mzima ni mfupa uliofungika, hautanuki. Ndani mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, unaochukua kama asilimia 80 ya nafasi, damu, kama asilimia 10, na yale maji maangavu yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, asilimia 10 iliyobaki. Alexander Monro, mwalimu wa anatomia wa Edinburgh, aliandika mwaka 1783 kwamba katika nafasi isiyotanuka kimoja kikizidi lazima kingine kipungue. Mskoti mwenzake, George Kellie, akaongeza ushahidi mwaka 1824. Mpaka leo kila daktari wa mahututi anaanzia hapo.

Ubongo uliogongwa huvimba, kama mguu uliogongwa unavyovimba. Mguu una ngozi inayovutika, ukivimba unauma na basi. Ubongo hauna pa kwenda. Mwanzo yale maji ya pembeni husukumwa yakashuka kwenye uti wa mgongo, na damu ya mishipa laini hubanwa ikatoka, hivyo mgonjwa anaonekana hajambo. Nafasi hiyo ya akiba ikimalizika, shinikizo hupanda ghafla. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo la ndani ya fuvu huwa kati ya 7 na 15 kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile tunachopimia presha. Likipita 22 madaktari hulishughulikia bila kungoja, kwa sababu sasa damu mpya inashindwa kuingia. Ubongo unaokosa damu huzidi kuvimba, na ukizidi kuvimba huzidi kukosa damu. Mwisho wake ubongo husukumwa kuelekea tundu lililo chini ya fuvu na kukandamiza sehemu inayoongoza pumzi. Mboni ya jicho moja hupanuka na kugoma kuitika mwanga. Nesi akimulika tochi akaona hivyo, hahesabu tena saa. Anahesabu dakika.

Hapo ndipo manitoli inapoingia. Ni aina ya sukari ambayo mwili hauitumii. Mkemia Mfaransa Joseph Louis Proust aliitenga mwaka 1806 kutoka kwenye utomvu mtamu wa mti unaolimwa Sisilia, utomvu ambao Wazungu waliuita mana, kwa kukumbuka chakula kile cha Wana wa Israili tunachokisoma katika Kurani pamoja na salwa. Mwani nao unayo kwa wingi. Dawa ya leo hutengenezwa kiwandani, ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo inatakiwa ipatikane hata katika hospitali ya wilaya.

Namna inavyofanya kazi wanaijua watu wa Suri na wa Unguja vizuri kuliko wanavyodhani. Ukimpasua papa au nguru ukamtia chumvi ya kutosha, baada ya muda unaona maji yanatoka kwenye nyama na kuchuruzika. Hakuna aliyeyakamua. Maji hutoka yenyewe kutoka mahali penye chumvi kidogo kwenda mahali penye chumvi nyingi, mradi kati yao kuna utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Manitoli ikiingia mshipani huifanya damu ijae sukari hiyo. Mishipa ya ubongo ina kuta zilizobana kuliko za mishipa ya mahali pengine, haziruhusu manitoli kupenya. Maji yaliyojaa ndani ya ubongo huitikia, yakavuka ukuta, yakaingia kwenye damu. Damu inayapeleka kwenye figo. Figo huichuja manitoli lakini haziwezi kuirudisha mwilini, na kila inapotoka inatoka na maji yake. Ndiyo maana kabla ya dripu kufunguliwa mgonjwa huwekwa mpira wa mkojo, na mfuko ulio chini ya kitanda huanza kujaa. Mama anayetazama mfuko wa juu ukipungua atazame na wa chini. Mkojo unaokusanyika pale huzidi maji aliyotiwa.

Kipimo hufuata uzito wa mtu, kati ya robo gramu na gramu moja kwa kila kilo. Kijana wa kilo 70 akipewa gramu moja kwa kilo anahitaji gramu 70, na katika dawa ya asilimia 20 hizo ni mililita 350. Zinaingia kwa haraka, dakika 15 hadi 30, wala si tone moja moja usiku kucha. Ndani ya dakika chache damu huwa nyepesi na kupita kwa urahisi zaidi. Maji ya ubongo huanza kupungua baada ya robo saa au nusu saa. Na nafuu hiyo hudumu saa kadhaa, aghalabu isizidi sita.

Kuna jambo moja la mikono ya manesi ambalo halisemwi kwenye magazeti, nami nataka lisemwe. Manitoli ya asilimia 20 ni sukari nyingi iliyolazimishwa kukaa katika maji machache. Chumba kikipoa, na kiyoyozi cha Omani kinapoza kwelikweli, sukari hiyo huganda ikawa chembe ndogo kama vumbi la kioo. Nesi mzoefu huuinua mfuko kwenye mwanga kabla ya kuutundika. Akiona chembe, huupasha moto kwenye kifaa chake mpaka ziyeyuke zote, huuacha urudi kwenye joto la mwili, na hutumia mpira wenye kichujio, ili chembe iliyobaki isiingie mshipani. Ndugu wanaongoja mlangoni huona anachelewa, na wengine humpigia kelele. Dakika zile anazouangalia mfuko ni sehemu ya matibabu. Na sindano inapoingia mkononi lazima iwe imekaa sawasawa ndani ya mshipa, kwa sababu dawa hii ikivuja nje huchoma nyama na kuivimbisha vibaya. Mgonjwa aliye macho akisema mkono unamuuma, aitwe nesi hapohapo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Manitoli haitibu. Haizibi mshipa unaovuja ndani ya fuvu, haiondoi donge la damu, haiungi mfupa. Inachokupa ni muda, saa chache za kukopa, na mkopo wenyewe una riba. Dawa ikirudiwarudiwa, baadhi yake hupenya kwenye sehemu za ubongo ambazo kuta za mishipa yake zimeraruka, ikakaa humo na kuanza kuyavuta maji kurudi ndani. Chumvi za damu huvurugika, figo hulemewa. Madaktari hupima jinsi damu ilivyokolea, kwa kipimo cha miliosmoli, na wengi husita kuendelea ikifika 320. Majeruhi aliyepoteza damu nyingi huweza kushushwa presha zaidi na mkojo huo, na ubongo uliokwisha kosa damu hauwezi kuvumilia presha kushuka. Kwa mgonjwa wa namna hiyo madaktari wengi huchagua maji ya chumvi kali, ya asilimia 3 au zaidi, ambayo huvuta maji kwa kanuni ileile bila kuikausha mishipa.

Kwa hiyo muda uliokopwa lazima utumike barabarani. Tiba yenyewe iko mbali na bonde: kipimo cha CT kinachoonyesha kama kuna donge la damu, na daktari wa upasuaji wa ubongo anayeweza kulitoa. Hospitali ya Ibra ndiyo ya rufaa kwa Sharqiyah Kaskazini, na Khoula, Maskati, ndiyo hospitali ya taifa ya majeruhi na upasuaji wa ubongo. Wazee wetu waliokuwapo kabla ya 1970 wanakumbuka nchi yenye kilomita chache tu za lami, ambapo aliyeanguka kutoka mtendeni katika bonde hili alibebwa kwa ngamia au hakubebwa kabisa. Leo ipo barabara ya njia mbili hadi karibu, ipo namba 9999, na helikopta ya polisi inaweza kuitwa. Barabara hiyohiyo pia inaua. Mwaka 2012 zaidi ya watu 1,100 walikufa barabarani Omani; kufikia 2018 idadi ilishuka chini ya 700, na bado ni wengi mno kwa nchi ndogo.

Saa nyingi kuliko za lami hupotea nyumbani. Yako majeraha ya kichwa yanayodanganya. Kijana anaanguka, anazimia kidogo, anaamka, anacheka, anakataa kupelekwa popote. Anakunywa kahawa, anakula tende, anasema kichwa kinamuuma kidogo, analala. Kumbe mshipa uliopasuka chini ya mfupa wa upande wa kichwa unavuja polepole, na ile nafasi ya akiba niliyoieleza inajaa. Baada ya saa mbili au tano anatapika, analegea, haamki. Familia inasema amelala kwa uchovu. Huyu angefikishwa mapema akafanyiwa upasuaji, angekuwa na nafasi nzuri kabisa ya kurudi nyumbani kwa miguu yake, maana ubongo wenyewe ulikuwa mzima. Hakuna maiti inayoniuma kama hiyo. Basi aliyegonga kichwa akazimia hata kwa dakika moja, au akatapika zaidi ya mara moja, au akasahau kilichotokea, au akaongea ovyo, au akapata degedege, apelekwe siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, hata kama anaapa kwamba hajambo. Asipewe chakula wala kinywaji njiani. Asipigwe moto kichwani, dawa ambayo bado inapendwa na baadhi ya wazee wa Omani kwa kila maradhi. Na akiwa ameangukia shingo, asibebwe na watu wanne kwa mikono na miguu. Abaki alipo, kichwa na shingo vikishikwa visitikisike, mpaka watakapofika wahudumu wenye ubao wa kubebea majeruhi.

Visiwani kwetu hali ilikuwa ngumu zaidi kwa miaka mingi. Anayeanguka mnazini Makunduchi au anayegongwa na bodaboda Mwera, akihitaji kufunguliwa kichwa, alivushwa bahari kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, na mwenye uwezo alipelekwa India. Mwaka 2014 ilifunguliwa taasisi ya upasuaji wa ubongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa msaada wa NED, shirika la Kihispania lililoanzishwa na daktari José Piquer, na upasuaji huo sasa unafanyika Unguja kwenyewe. Kwa mgonjwa wa Pemba bado kuna bahari katikati. Manitoli inayoanzishwa Chake Chake inafanya kazi ileile inayofanywa na manitoli ya bondeni: kumshikilia mtu mpaka afike.

Uvimbe wa kichwa si uvimbe pekee. Katika wodi hiyohiyo, kitanda cha pili, yupo bi mkubwa wa miaka sabini na kitu, presha ya siku nyingi, miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na usiku hawezi kulala chali kwa sababu pumzi inakatika. Moyo wake umechoka kusukuma, na maji yamerudi nyuma kwenye mapafu. Mwanawe akiona kijana wa jirani ametundikiwa dawa ya kutoa maji, huuliza kwa nini mama yake asipewe hiyohiyo. Jibu ni kwamba ingeweza kumuua. Manitoli kabla ya kuyatoa maji kwa mkojo huyavuta kwanza yaingie kwenye damu, na kwa nusu saa ile mishipa hujaa kuliko kawaida. Moyo wenye nguvu wa kijana unavumilia. Moyo wa bibi huyu ungelemewa, na mapafu yake yangezama.

Dawa yake ni furosemidi, ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Lasix, iliyotengenezwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani na kuanza kutumika miaka ya 1960. Haivuti maji kutoka popote. Inakwenda moja kwa moja kwenye figo na kuzizuia zisirudishe chumvi mwilini. Chumvi hutoka na maji huifuata. Ikichomwa mshipani huanza kazi ndani ya dakika tano, hufikia kilele kwa nusu saa, na kama saa mbili imekwisha. Kabla hata mkojo haujatoka huilegeza mishipa na kuupunguzia moyo mzigo, ndiyo maana bibi aliyekuwa ameketi akihema kwa mabega huweza kuegemea mto na kusema jina la mwanawe. Haichomwi kwa pupa: dozi kubwa huingizwa polepole, isizidi miligramu nne kwa dakika, kwa sababu ikipita haraka inaweza kuharibu masikio. Na inatoka na potasiamu ya mwili, ambayo ikipungua sana moyo huanza kupiga ovyo, kwa hiyo damu hupimwa. Bibi arudipo nyumbani na vidonge vyake aambiwe pia kuhusu samaki wa chumvi na achari. Dawa hutoa chumvi asubuhi, na sahani ya mchana huirudisha yote.

Yapo mafunzo mengine yaliyotoka kwetu Afrika Mashariki, na watu wa kwetu hawayajui vya kutosha. Watoto wenye malaria iliyopanda kichwani hupoteza fahamu, na ubongo wao huvimba. Ilionekana wazi kwamba manitoli ingewasaidia. Kilifi, pwani ya Kenya, madaktari walipima shinikizo la ndani ya fuvu kwa watoto hao katika miaka ya 1990, wakaona dawa inalishusha pale lilipopanda kiasi, lakini lilipopanda sana haikutosha. Mulago, Kampala, watoto 156 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa manitoli pamoja na dawa ya malaria. Matokeo yaliyochapishwa 2007 hayakuonyesha faida. Leo mtoto aliyetoka likizo Tanga au Bujumbura akarudi Ibra na homa na usingizi mzito, kinachomwokoa ni dawa ya malaria iliyoanza mapema. Familia iseme mlangoni, kabla haijaulizwa, kwamba mtoto alikuwa Afrika. Omani ya leo daktari kijana huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria, na hataifikiria asipotajiwa safari.

Utafiti mkubwa zaidi, huu wa dripu ya kawaida, ulifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo Kilifi, Mbale, Soroti na Teule ya Muheza, chini ya Profesa Kathryn Maitland. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu walishirikishwa. Wengine walitiwa dripu nyingi kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya vilivyofundisha. Wengine walipewa maji ya kawaida tu, polepole. Waliokuwa wakiharisha hawakuhusishwa, maana hao maji wanayahitaji. Baada ya saa 48, katika kila watoto mia waliotiwa maji kwa haraka walikufa kati ya kumi na kumi na mmoja. Miongoni mwa wasiotiwa kwa haraka walikufa saba. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati na kuchapishwa 2011. Mama anayemkasirikia daktari kwa kumnyima mwanawe "maji ya nguvu" angeambiwa habari hii, kwa upole, kwa Kiswahili. Watoto wa Muheza na Mbale ndio walioifundisha dunia.

Somo jingine la namna hiyo lilihusu steroidi, ambazo kwa miaka zaidi ya thelathini zilichomwa kwa majeruhi wa kichwa kwa kuamini zinapunguza uvimbe. Watu wazima 10,008 katika nchi 49 waliingizwa kwenye jaribio moja, na mwaka 2004 ikajulikana kwamba waliopewa steroidi walikufa zaidi: 21 kwa mia ndani ya wiki mbili, dhidi ya 18 kwa wasiopewa. Dawa hiyo bado inafaa sana kwa uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo. Kwa kichwa kilichogongwa, haifai. Ndugu akiuliza kwa nini jirani mwenye saratani alichomwa sindano ya uvimbe na wake hakuchomwa, hiyo ndiyo sababu.

Kwa hiyo, mama yangu, maji yale hayaendi kukaa kichwani kwa mwanao. Yanaingia mshipani kuyafuata yaliyomo na kuyatoa kwa njia ya figo, na wakati yanafanya hivyo gari linatakiwa liwe linatayarishwa. Kiache kichwa cha kitanda kama nesi alivyokiweka, kimeinuliwa kwa pembe ya digrii 30 hivi, na usikubali ndugu waje kumgeuza shingo ili wamwone uso. Shingo iliyopinda huizuia damu isishuke. Wapunguze kumshika na kumwita kwa sauti. Mwambie daktari kama ana maradhi ya figo au ya moyo, kama anatumia dawa ya kulainisha damu, kama aliwahi kuwa na kifafa. Mwambie aliangukia wapi, alizimia muda gani, alitapika mara ngapi, na mboni zake zilikuwaje alipotolewa majini. Na aandike mtu kwenye karatasi saa aliyoanguka na saa dripu ilipofunguliwa, karatasi hiyo iende naye ndani ya gari, kwa sababu watakaompokea Khoula watahesabu kuanzia hapo.